Muziki una zilipendwa, kwanini gemu la zamani liitwe ushamba?

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Mchekeshaji mmoja wa mitandaoni, jina kapuni, alikuwa anatoka Dar kwenda kupiga shoo Songea. Gari likasimama Makambako ili watu wapate chochote tumboni, na Makambako ndo kawaida yake, kila mtu anasimama, maana pale ndipo barabara ya Songea inapoachana na ile kubwa ya kwenda Mbeya. Wenzake wakisubiri chipsi, jamaa akachungulia kibanda kimoja cha mabati nyuma ya maduka. Akakuta vijana sita wamebanana kwenye benchi wanacheza Winning kwenye PS2. TV ya chogo. Pedi moja imezungushiwa seloteipu.

Akawasha kamera. "Wanangu, huku bado 2006!" Akacheka mpaka akainama. Kisha akamvuta karibu dogo mmoja aliyevaa sweta na kofia ya kufunika masikio, ambaye wala hakugeuka, kwa sababu alikuwa anajiandaa kupiga kona.

Mpaka jioni klipu ilikuwa kila sehemu. Watu wakamwaga vichekesho: waambieni Ronaldinho kastaafu, ushamba mzigo, Njombe na Makambako intaneti inafika kwa lori la viazi. Wengi waliocheka hawana ubaya na mtu, walicheka wakasogeza kidole juu, wakaenda kwenye klipu nyingine. Lakini kule ilikorekodiwa haikupita hivyo, na ndo maana inafaa kurudi kuiangalia kwa utulivu.

Irudie, ila safari hii usimwangalie dogo. Mwangalie mwenye kamera pale anapojigeuzia ili aonekane anavyocheka. Kavaa jezi ya Arsenal ya kizamani, ile nyekundu yenye neno Dreamcast kifuani. Kali kweli, haina ubishi. Sasa Dreamcast ni nini? Wapo wanaodhani ni kampuni ya simu. Ni mashine ya gemu ya Sega, kampuni ya Kijapani iliyoanza kuidhamini Arsenal mwaka 1999. Sega waliacha kuitengeneza 2001, na moja ya vitu vilivyoipoteza sokoni ni hiyohiyo PS2, ambayo ilitoka Japani Machi 2000. Kwa hiyo mwamba alivaa tangazo la mashine iliyokufa, akaingia kuwacheka watu wanaotumia mashine iliyochangia kuiua, na ambayo miaka yote hii bado inapiga kazi.

Kwenye komenti zote hakuna aliyeicheka jezi. Jezi ya zamani ni fasheni, na ukiipata orijino unaulizwa umeitoa wapi.

Na muziki ndo kabisa. Bongo ina neno zima la heshima kwa nyimbo za zamani: zilipendwa. Msondo Ngoma imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na ukiwasikia leo husemi umepitwa na wakati, unasema hapa kuna muziki. Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikipigwa klabu saa nane usiku, ukumbi mzima unaimba, mpaka madogo ambao wakati inatoka walikuwa bado hawajazaliwa. Nenda kijiwe chochote cha Njombe uwakute wazee na drafti lao la ubao na vizibo vya soda. Nani amewahi kuwaambia wanunue drafti jipya la mwaka huu?

Gemu peke yake ndo likifikisha miaka michache linaitwa la kishamba. Inatakiwa mtu aulize nani kaleta hiyo sheria, maana anayefaidika nayo ni yule anayeuza jipya kila Septemba.

Turudi kwa aliyechekwa. Dogo ni wa Njombe mjini, ana miaka ishirini na kidogo, na Makambako anafuata mizigo. Anapakia viazi na mbao kwenye malori, siku nyingine analala hukohuko kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu ya alichopata. Jioni ikifika, na jioni ya Juni ukanda ule sio mchezo, ukungu unashuka na baridi linaingia mpaka kwenye mifupa, hakuna pa kukaa bure. Baa unatakiwa ununue. Kibandani kwa Mama unakaa hata kama huchezi. Kuna jiko la mkaa la chipsi mlangoni, na ile TV ya chogo ikiwaka saa mbili mgongo wake unapata moto, madogo wanawekea viganja.

Sheria za kibanda zinajulikana bila kuandikwa popote. Aliyefungwa ndo analipa, shilingi 200 kwa mechi, na ananyanyuka. Wanafunzi wenye sare hawaingii mpaka saa tisa alasiri. Inter Milan marufuku kabisa, kwa sababu ya Adriano. Waliocheza Winning ile ya 2006, ambayo Ulaya ilikuwa inaitwa PES 6, hawahitaji kuelezwa: mguu wa kushoto, kutoka popote, kipa anabaki anaangalia. Kuna watoto pale hawakuwa wamezaliwa Adriano akiwa kwenye ubora wake, na wanamwogopa kama wanamjua. Wanamjua pia Castolo na Minanda, ambao hawajawahi kuwepo duniani. Konami waliwatunga ili uanze nao Master League na timu mbovu, uipandishe mwenyewe kwa jasho. Na sidii zilizofika mitaa mingi zilikuwa za Kijapani, kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichojifunza kutangaza mpira kwa Kijapani bila kujua neno moja linamaanisha nini. Wenye kumbukumbu hizo mtajazia hapo chini.

Huu ndo utamu wenyewe ambao kwenye ile klipu hauonekani. Gemu ambalo limechezwa na watu walewale miaka kumi na tano linafika kina ambacho jipya haliwezi kukifikia ndani ya msimu mmoja. Kila mtu anajua kona ya aina gani inaingia na ipi haiingii. Anajua fulani akibanwa anarudisha mpira kwa kipa. Ukiwa na ujanja mpya, kijiwe kizima kinaunasa ndani ya wiki, halafu inabidi utafute mwingine. Kaka anamfundisha dogo, dogo anamfunga kaka, kaka anasingizia pedi ina seloteipu. Hakuna kilichobadilika kwenye sidii toka 2006, ila wachezaji wamebadilika mno.

Sasa dogo wa kofia alikuwa na kitu chake. Kwenye memori kadi, ile nyeusi ndogo ya MB 8, alikuwa na timu ya Master League aliyoihangaikia karibu miaka mitatu. Na hakuichezea jina la Ulaya. Aliingia sehemu ya kuhariri, akabadilisha jina, jezi na vifupisho, akaifanya Njombe Mji. Wanaofuatilia soka wanakumbuka: Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu 2017, mkoa mzima ukachangamka, timu kubwa zikaja kucheza kwenye baridi, halafu msimu ulipoisha ikashuka. Msimu mmoja tu. Kwenye memori kadi ya dogo haikushuka. Castolo alikuwa anavaa jezi ya Njombe Mji, na wakicheza na wenzake anaipakia hiyo timu kutoka kwenye kadi anaingia nayo uwanjani.

Ukiisimamisha klipu pale kona inapopigwa, utaona juu kwenye matokeo kuna herufi tatu: NJM. Mchekeshaji alikuwa ameshika simu umbali wa hatua mbili na hakuziona.

Baada ya klipu dogo akaacha kuja. Hakusema kitu, aliacha tu. Memori kadi akaiacha kwenye PS2 ya kushoto, kama kawaida yake, maana pale ndo ilikuwa nyumbani kwake. Na sio yeye tu. Wale wa umri wake, wanaojipiga picha na kuposti, walianza kupita mbali. Wakabaki watoto.

Mwenye kibanda ni mama wa makamo, wateja wanamwita Mama basi. Kibanda aliachiwa na kaka yake aliyehamia Mbeya, na kwa PS2 tatu na jiko la chipsi amesomesha watoto wawili. Kucheza hajui. Anachojua ni kusikiliza: lenzi ikianza kukwaruza anaisikia kabla ya wachezaji, anaichomoa mashine na kuipeleka kwa fundi Njombe. Siku moja mmoja wa wale wakubwa alipita.

"Shikamoo Mama. Hivi na wewe si ulete tu PS4? Tunadhalilika mwenzio."

"Marahaba. Nikileta mtakuja?"

"Tutajaa Mama. Wewe lete."

Mama akauza PS2 moja, akaongeza akiba, na bado hazikufika. Akaenda kwa wale jamaa ambao kila mtu anawajua kwa jina la kausha damu. Laki tano, marejesho shilingi elfu 22 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu mwenyewe: anarudisha laki sita na sitini. Akanunua PS4 iliyotumika na TV ya flati. Wiki ya kwanza walikuja kweli, wakapiga picha. Wiki ya pili wakauliza kama FC ya mwaka huu ipo. Haikuwepo. Ilikuwepo ya nyuma, na usajili wake ni wa nyuma, na ili uupandishe unatakiwa uunganishe intaneti ushushe apdeti, na apdeti inakula bando kama haina mama. Sidii ya kuchoma kwenye PS4 hakuna, ni orijino au ukae. Gemu jipya la juu linauzwa dola 70 huko linakotoka, yaani zaidi ya laki moja na nusu kabla halijasafiri. Mama alikuwa amepanga mechi shilingi 500. Watoto wenye mia mbili mkononi walisimama wanaangalia, kisha wakarudi kwenye benchi la PS2.

Umeme nao. PS2 ile nyembamba haifiki hata wati 50, PS4 ikiwa inachezwa inapita 100 kirahisi, na Luku haijui kama una deni. Ila kilichomwumiza zaidi ni kukatika. Umeme ukikatika PS2 inazima, ukirudi unawasha unaendelea na maisha yako. PS4 ikizimika ghafla inaanza kukagua diski yake, inakugombeza kwa maandishi, na siku moja ikagoma kabisa kupita hapo. Fundi akasema diski ngumu imepata shida. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa ya marejesho.

Kuna mtu atasema Mama alifanya biashara vibaya, klipu inahusika vipi? Ni kweli hakushikiwa bunduki. Lakini aibu ni mtaji wa watu, na mchekeshaji aliitengeneza bure kwa sekunde hamsini huku akila chipsi. Kibanda kilichokuwa kinaingiza karibu elfu 18 siku nzuri kilikopa ili kisionekane cha zamani, na kilichokuwa kinalipa marejesho ya kausha damu ni zile PS2 mbili zilizobaki.

Na hii habari ya gemu jipya kuwa bora moja kwa moja, hata huko yanakotengenezwa haiendi hivyo. Novemba 2021 Rockstar walitoa upya GTA tatu za zamani, ikiwemo San Andreas ya 2004, wakasema wamezipendezesha. Zilitoka mbovu, mvua haionekani vizuri, sura za watu zimeharibika, mpaka kampuni ikaomba radhi. Na zile za zamani walikuwa wameshaziondoa kwenye duka lao la kompyuta, watu wakalalamika, wakazirudisha. Konami, hao hao wa Winning, Septemba 2021 waliachana na jina la PES wakatoa eFootball. Siku za mwanzo lilizomewa dunia nzima na wao pia wakaomba radhi. Ubisoft walikuwa na gemu la magari linaitwa The Crew, la 2014. Machi 31, 2024 wakazima seva, na aliyelinunua kwa hela yake hata akitaka kuendesha gari peke yake bila kusumbua mtu, haliwaki. Lile la Makambako la 2006 linawaka.

Utafiti uliotolewa 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya magemu yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayauzwi tena popote kihalali. Wakati huohuo kampuni zinatoa matoleo mapya ya yaleyale ya zamani na kuyauza upya, kwa hiyo wao wanajua yana thamani, ila wanataka ununue mara ya pili.

Halafu kuna yule mtoto wa Oklahoma. Desemba 2023, akiwa na miaka 13, alicheza Tetris ya mashine ya Nintendo, toleo la 1989, mpaka gemu lenyewe likashindwa likaganda. Hakuna binadamu aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Dunia ikampigia makofi, isipokuwa mtangazaji mmoja wa TV ya Uingereza aliyemtania hewani kwamba atoke nje akapate hewa safi. Watu wakamgeukia mtangazaji. Tofauti ya mtoto huyo na dogo wa Njombe ni kwamba mmoja alipata watu wa kumtetea.

Tusidanganyane lakini, wanaotetea ya zamani nao wana uongo wao. Wanasema enzi zile kulikuwa na raha tupu. Raha ya nani? Dada zao hawakuwahi kuachiwa pedi. Mpaka leo kibanda kinaendeshwa na mwanamke na msichana akiingia anaulizwa kamfuata nani. Vibanda vingine vimewaharibia watu shule, sio siri, sio kila mwenye kibanda ana sheria ya saa tisa. Na zile sidii zilikuwa za kuchoma, mashine zimechipiwa, Konami hawakuona hata senti ya kutoka kwenye ile 200. Wakati zinachomwa hakukuwa na duka linaloziuza orijino kwa bei ya mtu wa kupakia viazi, ila orijino hazikuwa. Anayependa gemu la zamani na akubali na hilo.

Kuna jingine la kukubali: wengi wa waliomcheka dogo wanacheza la zamani wenyewe, kwenye simu. Angalia simu za vijana kumi Njombe au Dar, utakuta kadhaa zina PPSSPP. Ile programu ilianza 2012, kazi ya Msweden mmoja, Henrik Rydgård, aliyeiweka bure, na inaifanya simu yako icheze magemu ya PSP, mashine iliyotoka Japani mwishoni mwa 2004. Faili la gemu zima haliifiki GB 2, ukishalipata hutaki bando tena. Wataalamu wa kitaa wanachukua PES za miaka hiyo wanazivisha jezi za msimu huu, wanaweka Simba na Yanga, wanabadilisha usajili, faili linazunguka WhatsApp. Unaliita jipya kwa sababu jezi ni mpya. Chini ni lilelile la zamani, tena limedumu kwa sababu kuna watu walikataa kulitupa. Na huyo mchekeshaji, aliwahi kuposti stori yupo kwenye foleni ya Ubungo anacheza GTA kwenye simu. Haikuwa ya jana ile GTA.

Dogo alirudi kibandani mwezi uliofuata, siku ya mvua, kwa sababu hakukuwa na pa kwenda. Akamsalimia Mama, akakaa, akasubiri zamu, akanyoosha mkono kwenye mashine ya kushoto. Haikuwa yeye. Ilikuwa ni ile nyingine imesogezwa.

"Mama, ile ya hapa iko wapi?"

"Niliiuza mwanangu, kununua hii." Akaonyesha PS4 iliyofunikwa kitambaa.

"Na kadi yake?"

Mama hakujua kadi ndo nini. Aliiuza na vyote vilivyokuwa vimechomekwa, aliona ndo uungwana. Alipoelewa alimpigia aliyenunua, jamaa wa mtaa wa pili ambaye naye alikuwa ameshaiuza kwa dereva wa lori. Namba ya dereva ikapatikana baada ya siku mbili. Dereva akajibu vizuri tu: kadi ipo, ila ilikuwa imejaa, watoto nyumbani waliifuta ili wapate nafasi ya San Andreas.

Mama akampa dogo mechi za bure wiki nzima. PS4 imeuzwa kwa bei ya spea, deni likamalizika kwa kuchelewa na kwa maneno mengi, na faini juu. PS2 ziko mbili. Baadhi ya wakubwa wamerudi, wengine bado wanapita mbali. Dogo ameanza upya na Castolo na Minanda kwenye kadi mpya aliyonunua elfu kumi kwa fundi Njombe, na safari hii anaondoka nayo mfukoni. Timu bado mbovu. Jumamosi iliyopita ilipigwa 4-0 na mtoto wa darasa la sita.

Ile klipu mchekeshaji hajaifuta, inaendelea kuingiza watazamaji. Dogo ameishusha kwenye simu yake. Anaiangalia bila sauti, kwa sababu ndo sehemu pekee iliyobaki ambapo ile timu inaonekana: NJM juu kushoto, Castolo anaruka kwenye kundi la watu, na klipu inakatika mpira ukiwa bado hewani.